Ranfleti zenye nyufa: jinsi ya kuhamia tairi za kawaida bila kukwama njiani

Gari langu, BMW 320i ya umbo la E90, lilishuka bandarini Dar es Salaam na tairi ambazo kila aliyeziona alizisifu. Kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, bado ndefu, mpira mweusi tii, umepakwa dawa unang'aa. Wiki ya tatu niliinama kuokota funguo iliyodondoka karibu na gurudumu la nyuma, jua la asubuhi likipiga ubavuni mwa tairi, nikaona mistari myembamba, mingi, kama kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi kizima. Nikatafuta tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa ubavuni: 3514, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi zilikuwa na miaka tisa.

Zilikuwa ranfleti, zile tairi zinazotembea hata zikiisha upepo. BMW na Mini nyingi zinazokuja mtumba kutoka Japani zinazo, na baadhi ya Mercedes-Benz pia. Ubavu wake umejengwa kwa mpira mnene, mgumu, kiasi kwamba upepo ukiisha ubavu wenyewe unabeba gari. Ahadi ya kawaida ya watengenezaji ni kilometa 80 kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Kwa kutegemea ahadi hiyo kiwanda kikaondoa spea, jeki na spana. Kwenye E90 hata shimo la kulaza spea chini ya sakafu ya buti halipo.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanang'oa ranfleti, wanafunga za kawaida, wanafurahia gari lilivyolainika, kisha pancha ya kwanza inawakuta katikati ya Mikumi saa mbili usiku, hawana spea, hawana jeki, na nje kuna wenyeji wenye meno. Ranfleti ndiyo iliyokuwa spea yako, na ukiitoa umeitoa na spea. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na tairi ulizonazo, unapitia kwenye buti, ndipo unafika dukani.

1. Hakikisha kwanza ni ranfleti

Usimwamini muuzaji wala unene unaouona kwa nje. Soma ubavuni. Bridgestone huandika RFT, Michelin ZP, Continental SSR, Goodyear ROF, Hankook HRS. Kwenye tairi zilizotengenezwa kwa ajili ya BMW utakuta pia herufi RSC ndani ya duara, na mara nyingi nyota ndogo. Mercedes-Benz zake huandikwa MOE. Saizi nayo inaweza kusema: ukiona 225/45 RF 17 badala ya 225/45 R 17, hiyo F ndiyo jibu.

Kagua zote nne. Si ajabu kukuta mbili ni ranfleti na mbili ni za kawaida, mwenye gari wa kwanza alibadilisha nusu akaishia hapo. Mchanganyiko huo unalifanya gari lishike barabara mbele kwa namna moja na nyuma kwa namna nyingine, na kwenye kona yenye maji ndipo utakapoijua tofauti.

2. Zisome nyufa

Mpira wa tairi unachanganywa na nta na kemikali za kuulinda na ozoni na jua. Nta hiyo hupanda juu tairi linapozunguka na kujikunja. Sasa fikiria safari ya gari la mtumba: linakaa yadi Japani, linakaa melini, linakaa bandarini, linakaa tena yadi ya muuzaji, jua la Pwani likiupiga ubavu uleule kila mchana. Tairi halijikunji, nta haipandi, mpira unakauka. Kisha vijana wa kuosha magari wanalipaka dawa ya kung'arisha. Dawa yenye mafuta ya petroli ndani yake huzidi kuukausha mpira, na mbaya zaidi inazijaza nyufa weusi mpaka huzioni. Ndiyo maana zangu zilinichukua wiki tatu.

Basi osha tairi kwa maji na sabuni ya kawaida tu, ziache zikauke, chukua tochi. Kata usukani mpaka mwisho uone ubavu wa ndani wa tairi za mbele. Za nyuma itabidi gari liinuliwe, na usiliruke hilo, kwa sababu upande wa ndani ndio hakuna anayeupaka dawa na ndio unaosema kweli.

Nyufa si zote sawa. Vistari vya juu juu, vyembamba kama unywele, ambavyo ncha ya ukucha haiingii, ni uzee: unaweza kuendelea nazo kwa muda huku ukiziangalia kila mwezi. Ukucha ukiingia, muda huo umekwisha. Nyufa zilizo chini ya mifereji ya kashata, nyufa zinazofuata ukingo wa rimu, nyuzi zinazochungulia, au uvimbe wowote hata mdogo kama nusu ya limau: toa hiyo tairi leo, hata kama kashata ni ndefu. Kuhusu umri, BMW wenyewe wanashauri tairi zisizidi miaka 6, na watengenezaji wakubwa kama Michelin na Continental wanaweka ukomo wa miaka 10 tangu kutengenezwa, hata zikionekana nzuri.

Ila kuna ufa mmoja wa ranfleti unaostahili kusimuliwa peke yake, nao ni ule unaozunguka ubavu kama pete. Mara nyingi huo hautokani na jua. Unatokana na kuendeshwa bila upepo, na kwenye ranfleti hilo hutokea bila dereva kujua. Tairi ya kawaida ikipungukiwa upepo inabonyea, hata mtoto anayepita atakwambia. Ranfleti inasimama wima.

Mimi nilikuwa na taa ya njano kwenye dashibodi tangu siku ya kwanza, pamoja na sentensi ya Kijapani niliyoizoea kama picha ya ukutani. Fundi alipopima tairi ya nyuma kushoto, geji ikasoma 9 psi, yaani upepo karibu umekwisha. Nilisimama hatua mbili nyuma nikaiangalia, nikazunguka kuangalia ya kulia, sikuona tofauti. Ilipotolewa kwenye rimu na kuinamishwa, ndani ulimwagika unga mweusi, chembechembe kama majani ya chai. Ule ulikuwa ubavu wenyewe, umejisaga kwa ndani. Tairi ya namna hiyo haizibwi wala haijazwi upepo tena.

Na fundi akikwambia atatia tyubu ndani ya tairi lenye nyufa ubavuni ili "uisogeze sogeze", mshukuru uondoke. Tyubu inashika upepo tu. Ubavu uliochoka utapasuka palepale, na tyubu yake ndani.

3. Jiulize kama kweli unataka kuhama

Hili nalisema kwa kifupi kwa sababu watu wengi wameshaamua kabla ya kuuliza. Ranfleti mpya zina faida yake: kama unaendesha peke yako, usiku, mjini humohumo, na duka la tairi la saizi yako liko ndani ya kilometa 80, kaa nazo. Hutashuka kubadilisha gurudumu kwenye giza. Lakini ukiwa mtu wa Dodoma, Iringa na Mbeya, zile kilometa 80 zitakufikisha kwa fundi pancha ambaye hana tairi ya saizi yako na hana mashine ya kuutoa ukingo wake mgumu. Na mashimo yetu hayaipendi ranfleti. Ubavu haubonyei, kwa hiyo kishindo chote kinapokewa na rimu, na rimu za aloi hupinda au kupasuka upande wa ndani.

Mimi nilihama. Sijajuta, ila nilifuata mpangilio huu.

4. Anza na buti

Kabla hujalipia tairi hata moja, pata spea. Hapa watu hudhani wataazima rimu ya Toyota ya shemeji. Haitaingia. E90 ina matundu matano kwenye duara la milimita 120, wakati Toyota nyingi ndogo zina milimita 114.3 au 100. Tundu la katikati la rimu ya BMW hii ni milimita 72.6. Nenda Gerezani au Ilala kwa wanaouza vipuri vya magari yaliyokatwa, nenda na namba hizo kwenye karatasi, na ikiwezekana nenda na gari lenyewe ujaribishe palepale.

Rimu ya chuma au ya aloi ya inchi 16 yenye tairi 205/55R16 inafaa sana kuwa spea ya 320i inayotembelea 225/45R17. Ukipiga hesabu ya kimo, ya kwanza ni milimita 632 na ya pili 634, yaani zinalingana. Kwa 335i, ndugu yake mwenye injini kubwa, usifanye hivyo, breki zake za mbele ni kubwa, zinataka inchi 17.

Spea itakaa juu ya sakafu ya buti, haina shimo la kujificha. Ilaze chali, ifunge kwa mkanda kwenye vile vitanzi vinne vya pembeni. Gurudumu zima ni mzigo wa kilo nyingi, na siku ya breki ya ghafla litataka kuja kukaa na wewe mbele. Ndiyo, masanduku ya familia yatabanwa. Hiyo ndiyo gharama ya kuhama, na ni afadhali uilipe ukiwa nyumbani.

Halafu vifaa. Jeki: chini ya gari, karibu na kila gurudumu, kuna kitako cha plastiki chenye umbo la mstatili. Hapo tu ndipo pa kuinulia. Jeki ya kawaida yenye mdomo mwembamba inateleza pale, kwa hiyo tafuta inayokaa vizuri au weka kipande cha mpira mgumu kinachoingia kwenye kitako. Spana: vichwa vya bolti ni namba 17. Na bolti moja katika kila gurudumu huenda ikawa na kufuli, ina mchoro wa ajabu kichwani. Ina adapta yake, kijichuma kidogo kama kizibo cha soda kwa ukubwa. Magari ya mtumba mara nyingi huja bila hiyo adapta. Tafuta leo, kwenye boksi la mbele, chini ya sakafu ya buti, kwenye mfuko wa vitabu. Usipoiona, peleka gari fundi azitoe bolti hizo za kufuli na kuweka za kawaida, maana bila adapta spea yako ni pambo.

Ongeza kompresa ndogo ya volti 12, geji, na pembetatu zako za barabarani. Kama kwenye gari kulikuja chupa ya dawa ya kuzibia pancha, soma tarehe ya mwisho. Yangu ilikuwa imekwisha muda zamani, imeganda kama uji wa jana.

5. Nunua tairi

Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo. Pale kuna saizi zinazokubalika na upepo wake. Tairi ya kawaida utakayonunua iwe na saizi ileile, na namba ya mzigo na herufi ya mwendo zisiwe chini ya za kiwandani. 225/45R17 91W maana yake kila tairi inabeba kilo 615 na inavumilia kilometa 270 kwa saa. Hutaenda mwendo huo, lakini herufi hiyo inasema pia tairi inavumiliaje joto. Ukipata 94W yenye alama XL, ubavu wake umeongezewa nguvu kidogo, kwa mashimo yetu naipenda zaidi.

Angalia kama mbele na nyuma zinafanana. E90 na F30 (umbo lililofuata baada ya E90) nyingi zenye mapambo ya kimichezo hutumia 225 mbele na 255 nyuma. Hizo huwezi kuzibadilishana mbele na nyuma, na spea moja haiwezi kuzitosha zote sawasawa, kwa hiyo wengine huamua kuhamia rimu nne zinazofanana. Ukifika hapo fikiria kushuka kabisa hadi inchi 16 kama breki zinaruhusu: 205/55R16 ni saizi ya kawaida madukani, ubavu wake ni mrefu zaidi, na rimu inapona.

Nunua nne kwa mpigo, za aina moja. Soma tarehe ya kila moja, maana duka linaweza kukuchanganyia mbili mpya na mbili zilizolala stoo miaka minne. Tairi za mtumba usinunue, hata kwa bei ya maandazi. Umetoka kukimbia tairi zilizozeeka Japani, unakwenda kununua nyingine zilizozeeka Japani. Kuna nyingine zimechongwa mifereji upya kwa chuma cha moto, zinaonekana kama jana zimetoka kiwandani.

6. Siku ya kufunga

Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama rimu za ranfleti zinakubali tairi ya kawaida. Zinakubali. Rimu hizo, nyingi zikiwa na alama EH2, zina tuta la ziada linaloshikilia ukingo wa tairi lisitoke upepo ukiisha. Tairi ya kawaida inakaa juu yake bila shida, ila kuingia na kutoka kunataka sabuni nyingi na subira. Chagua karakana yenye mashine iliyo na mkono wa kusaidia kukandamiza. Fundi wa kwanza niliyempelekea zangu alianza na nyundo na chuma kirefu, baada ya dakika kumi akajifuta jasho akaniambia, "Bosi, hii tairi ina mifupa." Niliondoka kabla hajaigusa rimu.

Mwambie fundi mapema kama rimu zina sensa ya upepo. Inakaa nyuma ya vali, na mdomo wa mashine ukishukia pale umeivunja. Tairi zikishatoka, kabla hazijawekwa mpya, omba rimu zioshwe na uzizungushe mwenyewe mkononi ukitazama upande wa ndani. Ufa wa rimu ni mstari mwembamba wenye kutu au vumbi jeusi. Kati ya zangu nne moja ilikuwa nao, urefu wa kidole gumba. Nisingeuona siku nyingine yoyote.

Vali za mpira ziwe mpya. Mshale wa mzunguko, kama upo, uelekee mbele, na neno OUTSIDE likae nje. Zibalansiwe zote, spea ikiwemo. Bolti zishikwe kwanza kwa vidole mpaka ziingie uzi, kisha zikazwe kwa mpangilio wa nyota. Usimruhusu mtu azifungue na kuzifunga kwa mashine ya upepo mpaka ilie. Nguvu ya kukaza kwa E90 ni Nm (nyutonimita) 120, kwa F30 ni Nm 140, na karakana nzuri ina spana inayopima. Malizia na alaimenti.

Ranfleti za zamani usiziachie karakana zikiwa nzima. Omba kisu, zichane ubavuni mbele yako. Zisipochanwa zitapakwa dawa, na wiki ijayo zitakuwa kwenye gari la mtu mwingine.

7. Wiki ya kwanza

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha mlangoni. Tangu sasa macho yako yanakusaidia tena, tairi likipungua utaliona, lakini geji iwe ya kila wiki mbili. Kisha mfundishe gari tairi mpya: kwenye menyu tafuta alama ya tairi lenye mshangao, bonyeza kuanzisha upya, endesha kilometa chache mpaka likubali. Magari yasiyo na sensa ndani ya rimu hukisia upepo kwa kulinganisha mizunguko ya magurudumu, kwa hiyo usipoanzisha upya litakulalamikia bure au halitakwambia kitu siku ya shida. Kijapani kikikushinda, mtafute fundi wa umeme akubadilishie lugha. Mimi nililipia hilo nikaona ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Kilometa 300 za kwanza nenda taratibu, tairi mpya bado zinateleza juu. Baada ya kilometa 50 hadi 100 kagua bolti. Utahisi usukani umekuwa mlegevu kidogo na matuta yamepungua makali, hiyo ni kawaida. Gari likianza kuyumbayumba baada ya kila tuta kama mtumbwi, shokapu zilikuwa zimechoka siku nyingi, ule ugumu wa ranfleti ulikuwa unaficha.

Jumamosi moja kabla ya safari, badilisha gurudumu mwenyewe uani kwako. BMW hutumia bolti badala ya nati, kwa hiyo hakuna misumari ya kulitundika gurudumu. Inabidi ulishike hewani huku ukitafuta tundu. Kaa chini, weka ncha ya kiatu chini ya tairi, liinue kwa mguu, bolti ya juu iingie kwanza. Mara ya kwanza ilinichukua dakika 40, kumi kati ya hizo nilikuwa natoa mizigo kwenye buti kuitafuta adapta ya kufuli, kumbe niliiweka chini ya spea. Sasa inakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva.